Bango la taekwondo (gumzo la kikundi cha Majirani wa Mwembeni)

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Lile bango la watoto wa taekwondo pale ukumbini naliandika kesho asubuhi. Nimeanza hivi: "Ubingwa wa Afrika ulianza Abidjan mwaka 1979. Bingwa hupata tiketi ya Olimpiki." Niendelee?

Kocha: Mstari wa kwanza uache. Wa pili ufute, mama.

Mama Neema: Eh! Mbona kila mtu husema hivyo?

Baba Tumaini: Kwa sababu watu wanachanganya mashindano matatu. Kuna Ubingwa wa Afrika, wa taekwondo peke yake. Kuna Michezo ya Afrika, ile ya michezo mingi, ambako taekwondo ilikuwamo Nairobi 1987. Halafu kuna mashindano ya bara ya kufuzu Olimpiki. Tiketi inatoka kwenye hayo ya mwisho. Dakar imetuvuruga zaidi maana imeandaa mawili: Ubingwa wa Afrika 2021, na ya kufuzu kwenda Paris Februari 2024.

Kocha: Na kwenye kufuzu huhitaji kuwa bingwa. Ukifika fainali umeshapita, wote wawili mnakwenda. Faith Ogallo wa Kenya, uzito wa juu ya kilo 67, tiketi yake ya Tokyo aliipata hivyo, Rabat, Februari 2020. Kwa hiyo pambano la roho mkononi ni nusu fainali.

Dada Zai: Sasa bingwa wa Afrika anapata nini, medali tu? 😅

Kocha: Medali na pointi za orodha ya dunia. Ubingwa wa bara uko daraja la G4. Wa kwanza pointi 40, wa pili 24, wa tatu 14.4. Watatu ni wawili, hakuna pambano la kutafuta shaba. Ukipoteza nusu fainali unavaa shaba. Linganisha na mashindano ya kawaida ya G1, mshindi anaondoka na 10. Safari moja ya Ubingwa wa Afrika ni sawa na kushinda G1 nne, na hizo nne kila moja ina nauli yake, viza yake na hoteli yake.

Mzee Salum: Hapo ndipo mashirikisho yetu yanapokosea hesabu. Wanabana nauli ya G4 halafu wanapeleka watu kwenye mwaliko usio na pointi.

Dada Zai: Shikamoo Mzee Salum, kumbe upo macho.

Mzee Salum: Marahaba. Nipo. Mama Neema, kwenye bango weka na hili: Afrika haikuwa ya kwanza. Ubingwa wa dunia ulianza Seoul 1973, Asia ikafuata Seoul 1974, Ulaya Barcelona 1976, ndipo sisi Abidjan 1979. Na ule wa pili wa Asia, 1976, ulifanyika Melbourne. Usishangae, Australia ilikuwa inacheza upande wa Asia. Oceania walipata umoja wao 2005.

Mama Neema: Na kwa nini Abidjan? Si Cairo wala Lagos?

Mzee Salum: Mwalimu Kim Young-tae kutoka Korea alifika Côte d'Ivoire mwishoni mwa miaka ya 1960 akafundisha huko. 1979 ilipofika, nchi ilikuwa na mizizi tayari. Matunda yake dunia nzima iliyaona Olimpiki ya Rio 2016.

Baba Tumaini: Cissé! Lile teke!

Mama Neema: Lipi tena?

Baba Tumaini: Fainali ya kilo 80. Cheick Sallah Cissé yuko nyuma 6–4 dhidi ya Lutalo Muhammad wa Uingereza. Saa inakaribia sifuri. Anazunguka, kisigino kinapita kichwani. Wakati ule teke la kuzunguka la kichwa lilikuwa pointi 4. Ikawa 8–6, pambano limekwisha. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Côte d'Ivoire katika mchezo wowote. Siku hiyohiyo Ruth Gbagbi alichukua shaba.

Kocha: Kwa kanuni za 2022 lingempa 5. Na hapa mama usiandike pointi za zamani na za sasa kwenye jedwali moja, watoto watachanganyikiwa. Mpaka 2016 teke la kiwiliwili lilikuwa pointi 1. Tangu 2017 likawa 2, na onyo la nusu pointi, lile *kyong-go*, likafutwa. Ikabaki *gam-jeom* tu: ukikosa, mpinzani anapewa pointi 1 papo hapo.

Mama Neema: Nipe basi pointi za Ubingwa wa Afrika wa Kigali 2022, nazitumia hizo kama mfano.

Kocha: Ngumi ya kiwiliwili 1. Teke la kiwiliwili 2. Teke la kichwa 3. La kuzunguka kiwiliwili 4. La kuzunguka kichwa 5. Ngumi ya kichwa hairuhusiwi kabisa, ni *gam-jeom*.

Baba Tumaini: Na Kigali ni ya kipekee kwa jambo jingine: ndiyo mara ya kwanza Ubingwa wa Afrika kuchezwa kwa mtindo wa raundi bora kati ya tatu. Zamani pointi za raundi zote zilijumlishwa. Ukitangulia kwa pointi nyingi raundi ya kwanza, zilizobaki unakimbia ukingoni mwa mkeka, watazamaji wanasinzia. Tangu Mei 2022 kila raundi inaanza sifuri kwa sifuri. Anayeshinda raundi mbili kashinda pambano. Kigali, ukimzidi mwenzio pointi 12 ndani ya raundi, raundi ilikwisha. *Gam-jeom* tano kwenye raundi moja, umeipoteza raundi hiyo.

Dada Zai: Raundi ikiisha sare?

Baba Tumaini: Wanaangalia kwanza nani kapata zaidi kwa mateke ya kuzunguka. Ndiyo maana sekunde za mwisho unaona mtu anazunguka hovyo kama pia.

Mama Neema: Jamani na ile fulana ya umeme? Mwanangu anasema "nimempiga lakini haikusoma".

Kocha: Hogu. Hii nieleze vizuri maana ndiyo chanzo cha ugomvi wa wazazi wote 😂

Soksi zina sumaku sehemu za mguu zinazopigia. Hogu ina vihisio. Mambo mawili lazima yatimie pamoja: sumaku ifike karibu na kihisio, na kishindo kifikie kiwango kilichowekwa kwa uzito ule. Kiwango cha kilo 80 siyo cha kilo 49. Teke likigusa vizuri lakini halina nguvu, kimya. Likiwa na nguvu lakini limetua kwa paja au goti, kimya vilevile, maana huko hakuna sumaku.

Matatizo ya kila siku: soksi kubwa kuliko mguu, inajizungusha na sumaku zinahamia pembeni. Hogu kubwa kuliko mwili, inabaki nafasi kati ya hogu na mbavu, kishindo kinapotelea humo. Kamba za nyuma zimelegea, matokeo ni hayohayo. Kabla ya kuingia mkekani kuna ukaguzi, mchezaji anagonga na kompyuta inaonyesha. Hapo ndipo pa kulalamika.

Baba Tumaini: Ngumi bado ni ya macho. Waamuzi wa pembeni wanabonyeza kwa mkono. Hivyo hivyo ile nyongeza ya kuzunguka: hogu inasoma mguso, mwamuzi ndiye anayethibitisha kwamba mtu kazunguka. Kofia yenye vihisio Olimpiki iliingia Rio. London 2012 ilikuwa hogu pamoja na marudio ya video.

Mama Neema: Na habari za kupima uzito? Kuna mzazi ananiuliza kuhusu kumnyima mtoto maji.

Kocha: Asithubutu. Kwa watu wazima mizani ni siku moja kabla. Watu walikuwa wanajikausha, wanapima, halafu usiku wanakunywa na kula mpaka wanaongezeka kilo nne tano. Ikaletwa mizani ya kushtukiza: asubuhi ya mashindano wanachaguliwa wachezaji kwa bahati nasibu, na hutakiwi kuzidi asilimia 5 ya uzito wako. Mtu wa kilo 58, mwisho ni 60.9. Ukikutwa 61.5 umetolewa, nauli imekwenda bure.

Mzee Salum: Na uzito wenyewe ni nane kwa wanaume, nane kwa wanawake kwenye Ubingwa wa Afrika. Olimpiki ni minne minne. Bingwa wa chini ya kilo 54 hana mlango wake Olimpiki, lazima apande kwa watu wa 58. Wa 63 ndiye mwenye kazi: ashuke kilo tano au apande tano.

Dada Zai: Walemavu wanacheza pia? Neema ana rafiki yake asiye na mkono mmoja.

Baba Tumaini: Ndiyo, Kigali palikuwa na ubingwa wao vilevile, ukumbi uleule wa BK Arena. Kwao kichwa hakipigwi, ngumi haina pointi. Teke la kiwiliwili 2, la kugeuka nusu mzunguko 3, la mzunguko mzima 4. Paralimpiki waliingia Tokyo. Mlete huyo mtoto Jumamosi, wa mkono mmoja darasa lake ni K44.

Mama Neema: Nitamwambia mama yake. Sasa naandika miji: Abidjan 1979, Antananarivo 2012, Tunis 2014, Port Said 2016, Agadir 2018, Dakar 2021, Kigali 2022. Sawa?

Kocha: Sawa. Ila kati ya Abidjan na Antananarivo chora nukta nukta, wasidhani watu walilala miaka 33.

Mama Neema: Sawa Kocha. Na nani kachukua ngazi ya ukumbi? Bango linapanda juu ya mlango.

Dada Zai: Ipo kwetu, tulikuwa tunasafisha tangi. Nairudisha saa moja asubuhi.