Naomba ushauri: tunashuku ni gugu karoti, hapa Masasi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tupo wanane tunaojitolea kukagua magugu na wadudu wageni kijijini kwetu, wilaya ya Masasi. Viwavijeshi vamizi tumeshawazoea: ukiona Y iliyopinduka kichwani, umemaliza. Hili gugu, tunaloshuku ni gugu karoti (Parthenium, gugu vamizi la kigeni), ndilo limetushinda.

Limeota pale malori ya korosho yanapoegesha, eneo la hatua ishirini hivi. Majani yamechanika kama ya karoti, shina lina mistari na vinyweleo, vijiua vyeupe kama punje za mtama. Mwenzetu aling'oa mawili kwa mikono mitupu. Jioni alikuwa anajikuna hadi viwikoni. Wazee wanasema hawajawahi kuliona. Picha tumemtumia bwana shamba, wiki ya pili hii kimya (ana vijiji vingi, simlaumu sana).

Tunataka kupeleka sampuli TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara. Tuifungeje ili mbegu zisipukutike kwenye basi? Na tukisubiri majibu, tung'oe na kuchoma sasa kabla halijakomaa, au tuliache wataalamu walikute lilipo? Wenzetu wa Arusha, mmeishi nalo tangu 2010, nawategemea.