Rekodi mbovu kwenye kanzidata za jeni: aliyeziweka katokomea, sisi hatuna ruhusa ya kuzigusa

Wakuu, leo mnivumilie, nimejaa hadi shingoni. Watu wa maabara mtanielewa upesi.

Nilikuwa natafuta jeni moja ya kuvu. Nikaingia kwenye kanzidata moja kubwa (sitaitaja), nikaipata: jina la kiumbe, kazi ya kimeng'enya, maelezo yote yamenyooka. Nikabuni praima (vipande vifupi vya DNA vya kuinasia jeni) kwa kufuata mfuatano wa herufi za DNA ulioandikwa pale, zikaagizwa, tukaanza PCR, yaani kuirudufu jeni hiyo. Kimya. Tukapandisha joto, tukashusha, tukacheza na magnesiamu, tukaandaa DNA upya, tukamshuku hata aliyeleta sampuli, maskini wa Mungu. Jeli tupu kila mara. Ulipokuja usomaji wetu wenyewe wa jenomu (DNA yote) ya kuvu huyo ndipo mambo yakajulikana: jeni hiyo haimo ndani ya kuvu. Haimo kabisa. Ni ya bakteria aliyejipenyeza kwenye sampuli ya watu wa kwanza, wakamsoma pamoja na kuvu wao, wakampachika jina la kuvu, wakasajili, wakaenda zao.

Najua kuna mjuaji atakuja kuuliza, "Kwani hukupitisha BLAST?" Nilipitisha. BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, inakuonyesha mfuatano wako unafanana na nini, haikuambii kama jina lililopachikwa hapo ni la kweli. Orodha yote ya juu ilikuwa na jina la kuvu yule yule, kwa sababu kundi lile lile lilisajili vipande kadhaa vya uchafu ule ule. Bakteria wenyewe wako huko chini ambako hakuna anayeshuka. Thamani ya E, kipimo cha BLAST cha bahati nasibu, ni sifuri mstari baada ya mstari. Sifuri hiyo inasema tu kwamba ufanano huu si wa bahati nasibu. Uongo ukifanana na uongo mwenzake, E nayo ni sifuri.

Uchafu wenyewe haunishangazi. Bakteria wako kila mahali, hata ndani ya vitendanishi (kemikali za maabara) tunavyonunua vikiwa vimefungwa. Kinachonichoma ni kilichofuata. Nikamwandikia aliyesajili: barua pepe ikarudi, anwani haipo tena. Nikamtafuta mkubwa wa kundi lao: kimya. Nikawaandikia wenye kanzidata, wakanijibu kwa adabu zote kwamba rekodi ni mali ya aliyeisajili, na yeye ndiye mwenye haki ya kuibadilisha. Yaani yule yule aliyetokomea! Mimi mwenye ushahidi mkononi nimebaki mtazamaji, na rekodi iko pale pale inamsubiri mwingine aagize praima.

Na msidhani ni ukaidi wa ofisi moja. Ndivyo mfumo ulivyojengwa. GenBank, kanzidata ya mifuatano ya Marekani, ilianza 1982 kama ghala la kutunza kile watafiti walichokisoma, kama walivyokisoma. Inabadilishana data kila siku na kanzidata wenzake, ENA ya Ulaya na DDBJ ya Japani, kwa hiyo kosa likiingilia mlango mmoja, muda si mrefu limeenea nyumba zote tatu. Enzi zile mifuatano ilikuwa michache na mtu aliweza kuikagua kwa macho. Leo mashine zinamwaga data usiku na mchana, ila utaratibu wa kusahihisha bado unamtegemea mtu mmoja aliyeandika jina lake siku ya kusajili. Akihama, akistaafu, akifa, rekodi inabaki na jina lake kama kaburi.

Ukubwa wa tatizo wala si siri. Mwaka 2020 Steinegger na Salzberg walipitisha programu yao kwenye GenBank, wakakuta rekodi zaidi ya milioni 2 zenye uchafu. Milioni 2, jamani. Hata RefSeq, kanzidata dada ya GenBank ambayo inasifiwa kwamba imechujwa, ilikutwa na zaidi ya laki moja.

Mnakumbuka ile ya tadigredi, kale kaumbe kadogo kenye miguu 8 kanakovumilia ukavu? Mwishoni mwa 2015 makala katika jarida la PNAS ikadai kwamba karibu moja ya sita ya jeni zake imetoka kwa viumbe wengine, wengi wao bakteria. Dunia nzima ikashangilia. Haikuchukua muda kundi jingine, lililokuwa limesoma jenomu ya spishi ile ile, likaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hizo jeni ngeni ni uchafu wa bakteria kwenye sampuli. Waliumbuka mapema kwa sababu jenomu ya pili ilikuwepo ya kulinganishia. Haya niambieni, na viumbe ambao wana jenomu moja tu dunia nzima, wao nani atawakagua?

Halafu kosa halikai mahali lilipozaliwa. Ukisajili jenomu mpya, programu inatafuta jirani anayefanana nayo, inanakili jina lake, inasonga mbele. Kesho jenomu yako ndiyo inayonakiliwa. Utafiti wa 2009 wa akina Schnoes ulipitia familia 37 za vimeng'enya: Swiss-Prot, kanzidata ya protini ambayo watu huipitia rekodi kwa rekodi, ilikuwa karibu haina kosa. Kwenye zile zinazojazwa na kompyuta, wastani wa makosa ulianzia asilimia 5 katika baadhi ya familia kuu na kupanda hadi 63 katika nyingine. Kwa hiyo dawa inajulikana: watu wa kupitia. Lakini Swiss-Prot ina protini laki 5 na ushee tu, na zinazosubiri kupitiwa ni mamilioni kwa mamilioni. Wafadhili wanapenda kukata utepe. Pesa ya kujenga ipo, ya kufagia haipo. TAIR, kanzidata ya mmea wa Arabidopsis, ilipokatiwa ruzuku ya Marekani ikabidi iishi kwa ada za taasisi.

Na tusiwatupie lawama wenye ghala peke yao, sisi watafiti ni wavivu wa kurudi nyuma. Excel ilikuwa ikigeuza jeni SEPT2 kuwa tarehe 2 Septemba. Mwaka 2016 ikaonekana kwamba takriban makala moja kati ya tano zenye orodha za jeni za Excel ilikuwa na makosa ya namna hiyo. Kilichofanyika? Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikaziita jeni hizo upya, SEPTIN2 na wenzake. Sawa, ya mbele yamepona. Yale majedwali ya zamani bado yamejaa tarehe, nenda kaangalie viambatisho. Ilikuwa rahisi zaidi kuzibatiza jeni upya kuliko kumfanya mwandishi afungue faili lake mwenyewe!

Kichekesho kingine ni ule mstari wa "data inapatikana kwa kumwomba mwandishi". Kuna waliojaribu kuomba kweli, matokeo yakatoka 2022: kati ya makala 1,792 zilizoahidi hivyo, asilimia 93 ya waandishi ama hawakujibu ama walikataa. Hiyo si ahadi, ni mapambo ya makala, na wahariri wanaipitisha wakijua.

Ninachotaka si kikubwa. Niruhusiwe kuweka alama ya onyo juu ya rekodi, yenye ushahidi wangu na jina langu, ionekane na kila anayeifungua na ionekane pia kwenye matokeo ya BLAST. Asili ibaki ilivyo, sijaomba kufuta kazi ya mtu. Na aliyesajili asipojibu kwa mwaka mzima, haki ya kurekebisha ihamie kwa watu wa kanzidata. Sijaona ugumu uko wapi, ila woga wa kumuudhi profesa ambaye hata barua hasomi.

Na msije na ile ya "ni bure, shukuru". Praima hazikuwa bure.

Swali langu kwa wadau: kuna aliyewahi kufanikiwa kurekebisha rekodi ambayo mwenyewe hapatikani? Ulipitia njia gani, na nani hasa alikujibu? Mwenye uzoefu aseme, porojo pelekeni uzi mwingine.