Patisheni D inagoma kufomatiwa, Windows iko C

pembe_nne
Habari wakuu. Kompyuta ya mezani, Windows 10, HDD (diski kuu) moja ya GB 500, imegawanywa patisheni, yaani vipande. C ina GB 120, D ina GB 345. Vya maana vyote vya D vimeshahamishiwa diski ya nje, sasa nataka kuifuta D bila kugusa Windows. Nikibofya kulia na kuchagua "Format" inaleta "Windows was unable to complete the format". Hakuna programu iliyo wazi. Tatizo nini? Na "Quick Format" niiwekee tiki au niitoe?

kipimajoto
Mkuu, usilazimishe kwanza. Bonyeza Windows+R, andika diskmgmt.msc, soma maneno yaliyo ndani ya kiboksi cha D. Ukikuta "Page File", mchawi ndiye huyo: Windows imeweka humo faili la kusaidia RAM na inalitumia muda wote, haiwezi kuiachia D.

Ukikuta "System", usiiguse kabisa. Mafaili ya kuwashia kompyuta yatakuwa D hata kama Windows yenyewe iko C. Ukiifuta kwa kuwasha kompyuta kupitia flashi ya kusakinishia Windows, mashine haiwaki tena.

Kuhamisha page file: Windows+R, sysdm.cpl, kichupo cha Advanced, "Settings" ya Performance, Advanced tena, kisha "Change". Toa tiki ya juu kabisa. Chagua C, "System managed size", bonyeza Set. Chagua D, "No paging file", bonyeza Set. OK, zima na uwashe. Wengi husahau kubonyeza Set, wanarudi hapa kusema haijakubali.

pembe_nne
Ni Page File kweli, na baada ya kuwasha upya neno limeondoka. Bado la tiki.

baiti_kwa_baiti
Ukiacha tiki, inaandika jedwali jipya la mafaili tu, sekunde chache imekwisha. Data ya zamani bado ipo na programu ya kurudisha mafaili kama PhotoRec inaweza kuitoa, kwa hiyo usiuze diski hivyo. Ukitoa tiki, tangu Windows Vista inaandika sifuri kila mahali na kukagua sekta mbovu. Kwa GB 345, HDD inayoandika MB 100 kwa sekunde inachukua karibu saa nzima. Umeme ukikatika katikati D itasomeka RAW (yaani haijafomatiwa). Usitishike, anza upya.

Diski ikiwa ya miaka mingi, toa tiki. Ikikwama au ikaanza kugonga, fungua CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) utazame mstari wa 05 (sekta mbovu zilizobadilishwa) na wa C5 (sekta zinazotiliwa shaka). Tarakimu za pale kwa kawaida ni za heksadesimali: 10 ni kumi na sita. C5 ikiendelea kupanda, hiyo diski usiiamini tena, kufomati hakutaiponya.

Mengine: kwenye "File system" (mfumo wa kupanga mafaili) chagua NTFS, "Allocation unit size" iache Default (ni baiti 4096). FAT32 achana nayo, haipokei faili moja la GB 4 au zaidi.

pembe_nne
Shukrani. Nikimaliza nataka nimegee C GB 100 kutoka D. Mbona "Extend Volume" imefifia?

kipimajoto
Basi usifomati, utarudia kazi. Kufomati hakuachi nafasi huru. Inabidi ufute D kwa "Delete Volume", na nafasi iwe mkono wa kulia wa C moja kwa moja. Kukiwa na patisheni ndogo ya Recovery katikati, itaendelea kufifia.

Angalia rangi pia. Ukishafuta, mstari ukiwa mweusi ("Unallocated") uko sawa. Ukiwa wa kijani ("Free space"), D ilikuwa ndani ya patisheni ya extended (inayobeba patisheni nyingine ndani yake), mambo ya MBR hayo, mtindo wa zamani wa kugawa diski. Futa na huo kijani mpaka uwe mweusi, ndipo uongeze C kwa 102400 (kipimo ni MB), kisha tengeneza D kwa kilichobaki.

baiti_kwa_baiti
Nyongeza kwa wanaopenda diskpart (programu ya Windows ya kugawa diski kwa kuandika amri): amri ya "clean" hufuta jedwali la diski nzima, C ikiwemo. Ndani ya Windows inayotumika itakukatalia, ila ukiwasha kwa flashi ya kusakinishia inatii. Na huko kwenye flashi herufi huhama, C inaweza kuitwa D. Andika "list volume" na utambue patisheni kwa ukubwa wake.