Magunia ya juti au ya salfeti kwa mahindi yanayokaa nje?

Mkulima wa Ufipa
Ndugu zangu, habari za kazi. Mwaka jana nilivuna mahindi mwezi Julai, na kwa kuwa ghala langu ni dogo, nililazimika kupanga sehemu ya mavuno uani nikimsubiri mnunuzi. Rundo moja lilikuwa katika magunia ya juti na jingine katika salfeti (mifuko ya nyuzi za plastiki), yote mawili yakiwa juu ya majani makavu na kufunikwa turubai. Mvua za Novemba zilipoanza, juti ya safu ya chini ilioza, ilhali kwenye salfeti safu ya chini ilisalimika lakini ile ya juu, iliyogusana na turubai, iliota ukungu. Naomba kufahamishwa ni gunia lipi linalofaa.

Mtunza Ghala
Mahali palipooza ndipo panapokueleza maji yalikotoka. Juti ni nyuzi za mmea, nayo hunyonya unyevu wa ardhini kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Majani hayakuweza kuuzuia kwa sababu yenyewe yalilowa. Salfeti hainywi maji, lakini haipumui vizuri kama juti. Mchana jua hulipasha rundo joto na mvuke hutoka kwenye punje ukapanda juu. Usiku turubai hupoa, na mvuke ule hugeuka matone yanayoangukia gunia la juu. Kwa hiyo, gunia lolote utakalochagua, lipange juu ya chaga za mbao, acha nafasi kati ya rundo na turubai, na ulifunue siku za ukavu. Mimi ningechukua juti iwapo chaga zipo. Salfeti ikipigwa na jua kwa miezi huchakaa na kupasuka unapoibeba, tena huteleza rundo likiwa refu.

Bibi Shamba
Nakubaliana na ndugu Mtunza Ghala, ila gunia haliwezi kuokoa mahindi yaliyofungwa yakiwa mabichi. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, atikise, kisha asubiri dakika 15: chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, bado haijathibitisha 13.5, hivyo ni heri kuanika siku moja zaidi. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, lakini iwekwe ndani, kwani jua huichakaza na panya huitoboa.

Tafadhali usichanganye mahindi yenye ukungu na mazima. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuanika wala kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mkulima wa Ufipa
Nawashukuru sana. Chaga nitazichonga kabla ya mavuno. Yale yenye ukungu niliyaanika na kuyaweka akiba kwa ajili ya kuku. Je, kwao pia ni hatari?

Bibi Shamba
Ndiyo, huwadhuru, hasa vifaranga. Yafukie mbali na kisima.