Diski ya harusi haifunguki, na RFE inangoja

Mama Zuhura, Columbus

Assalam aleikum ndugu zangu. Ofisi ya mwanasheria anayeshughulikia I-130 ya mume wangu, yaani fomu ya kumwombea ukaazi wa Marekani kama mwenzi wangu, imenirudishia DVD ya harusi yetu. Karani amenieleza kwamba ameiweka kwenye kompyuta mbili na zote zinasema kuwa diski ni tupu. Ilichomwa Tanga mwaka 2010 na fundi wa Ngamiani aliyerekodi shughuli nzima, kuanzia kesha hadi bibi harusi kutolewa nje, nasi tuliitazama yote dukani kwake kabla hajatukabidhi. Tangu siku hiyo imekaa sandukuni, katikati ya kanga zangu. Naomba kujua nifanye nini ifunguke, na je, kwa kujibu RFE, yaani barua ya Uhamiaji ya kutaka ushahidi zaidi, video hupokelewa ikiwa kwenye diski, au ni lazima nitoe picha na kuzichapa?

Baba Fauzia, Toronto

Wa aleikum salaam, dada. Hilo ni suala la kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa. Diski za filamu za Afrika Mashariki ni kanda ya 5, za Marekani na Kanada ni kanda ya 1, na draivu ya kompyuta hukubali kubadilishwa kanda mara 5 tu, kisha hujifunga moja kwa moja. Mimi yalinikuta kwa diski nilizonunua London, ambazo ni kanda ya 2: kila watoto walipotaka katuni za huku nilirudisha kanda ya 1, hadi draivu ikagoma kabisa na nikalazimika kununua nyingine.

Kaka wa Leicester

Ndugu yangu wa Toronto, samahani, lakini unampoteza mwenzetu. Kufuli ya kanda huwekwa na makampuni ya filamu kwenye diski zinazotoka kiwandani. Fundi wa Ngamiani anayechoma diski ya harusi haweki kanda yoyote. Tatizo ni Windows, kwani tangu toleo la 8 lililotoka mwaka 2012 haiji tena na uwezo wa kucheza DVD. Mwambie karani aweke VLC, ambayo ni ya bure. Mimi nilihangaika wiki mbili na mkanda wa msiba wa baba yangu kabla sijaelezwa jambo hilo dogo.

Baba Fauzia, Toronto

Nakubali kuhusu kanda. Hata hivyo, nawe soma alichoandika dada. Kompyuta isiyo na programu ya kuchezea ingeionyesha folda ya VIDEO_TS, ambamo video ya DVD huwekwa, ikiwa na mafaili yake, isingesema diski ni tupu. VLC haiwezi kucheza kitu ambacho kompyuta haikioni.

Shangazi, Houston

Wanangu, msigombane. Kaka yangu alikuwa na studio Chuda, nami nilikuwa nikimwandikia majina juu ya diski, kwa hiyo jambo hili nimeliona kwa karibu. Mama Zuhura, umesema mliitazama dukani kwa fundi. Mafundi wengi walikuwa na mashine ya kurekodia inayochoma diski yenyewe, na kazi ikiisha ilipasa diski ifungwe, au kufinalaiziwa kama wanavyosema wao. Fundi akisahau, itacheza kwenye mashine ile iliyoichoma, lakini kompyuta itaiona tupu. Igeuze, uiinamishe chini ya taa. Ukiona duara la rangi iliyokoza kuanzia katikati kwenda nje, harusi yako imo. Ipo programu iitwayo IsoBuster ambayo husoma diski za namna hiyo, kisha mafaili unayahamishia kwenye flashi. Usikubali mtu aichome upya.

Binti Pangani, Minneapolis

Nami niulize: cheti cha ndoa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, umekiambatanisha, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri kwa sahihi yake? Faili la dada yangu lilikwama kwa sababu ya tafsiri, wakati sote tulikuwa tunahangaikia picha.

Mama Zuhura, Columbus

Cheti kipo na tafsiri ipo. Shangazi, Mungu akuzidishie. Nimeiinamisha chini ya taa ya jikoni, na duara nimeliona: zambarau iliyokoza kutoka katikati hadi karibu theluthi mbili ya diski, kisha rangi inapauka. Kijana wa jirani ameweka programu uliyoitaja, na tangu saa mbili usiku inasoma polepole sana. Faili la kwanza limefunguka. Ni uani kwetu, kabla ya wageni kuingia, na bibi yangu, aliyefariki mwaka 2014, anamwambia fundi aondoe waya zake kwenye mkeka. Sauti yake nilikuwa sijaisikia tangu nilipoondoka. Mafaili mengine bado yanasomwa.

Kuhusu RFE bado sijajibiwa. Anayejua kama hupokea video kwenye flashi, tafadhali aniandikie, maana siku zinakwenda.