Mjadala: Je, chipu za fotoni zinastahili fedha za umma wa Ulaya?

Mleta mada:

Nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya zimekubaliana kujenga EuroQCI, mtandao wa kusambaza funguo za siri (tarakimu za kufungia na kufungulia ujumbe) kwa fotoni, yaani chembe za mwanga ambazo mdukuzi hawezi kuzipima njiani bila kuacha alama. Naunga mkono fedha za umma ziwekwe huko, kwani mitambo iliyokuwa ikijaza meza ya maabara sasa inachongwa juu ya chipu, na mwaka 2023 watafiti wa China, wakitumia chipu ya kurushia, walipata funguo kwa kasi inayozidi megabiti 110 kwa sekunde kupitia kilomita 10 za faiba.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, kasi hiyo naiheshimu, lakini tazama upande wa kupokea: vigunduzi vyao ni vya nyaya nyembamba mno zinazofanya kazi zikipoozwa hadi takriban nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo kilichopungua ukubwa ni nusu ya mtambo tu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni umbali. Katika faiba ya kawaida, baada ya kilomita 100 hubaki takriban fotoni 1 kati ya 100, na kuikuza haiwezekani, kwa sababu hali ya fotoni isiyojulikana hainakiliki. Ndiyo maana njia ya Beijing hadi Shanghai, yenye kilomita 2,000 hivi, ilijengwa kwa vituo 32, na katika kila kituo cha kati ufunguo huwa wazi kabla ya kufichwa tena. Chipu, hata iwe na kasi gani, haiviondoi vituo hivyo. Anayekiteka kimoja amepata siri bila kugusa fotoni hata moja.

Tena fotoni haimtambulishi aliye upande wa pili. Hilo bado linategemea hisabati, au siri waliyopeana kabla. Hisabati ya kuhimili kompyuta za kwanta, yaani mashine zinazohofiwa kuja kuvunja mafumbo ya siri ya leo, ilitolewa viwango na taasisi ya Marekani, NIST, Agosti 2024, nayo hupakiwa kama programu katika seva zilizopo. Sisemi kwamba haitavunjwa kamwe. Hata hivyo, Januari 2024 mamlaka za usalama wa mtandao za Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Uswidi zilishauri hisabati hiyo itangulie, nami nakubaliana nazo, kwa kuwa taarifa za wagonjwa zinazonaswa leo zinaweza kuhifadhiwa hadi siku zitakapofunguka.

Utafiti wa chipu uendelee kugharimiwa. Kabla ya kutandaza mtandao, naomba utueleze: vituo vya kati vitalindwa na nani, na nchi moja itakubalije ufunguo wake uwe wazi ndani ya mipaka ya nyingine?