Naomba ushauri: miungu ya dunia yangu ya mchezo haina kazi mezani

Nahodha wa Dadu

Habari za muda huu wakuu.

Naendesha mchezo wa D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) na vijana wa mtaani kwetu hapa Tanga, Jumamosi jioni. Dunia nimeitunga mwenyewe: visiwa, miji ya bandari, majahazi yanayongoja kusi na kaskazi, na huko bara kuna msitu ambao hakuna aliyefika mwisho wake. Hayo yanakwenda vizuri. Kinachonishinda ni miungu.

Nimeitunga kumi na miwili. Yuko wa bahari, wa vita, wa mavuno, wa kifo, wa elimu na kuendelea, kila mmoja na alama yake, rangi yake na ndoa yake, juu yake kuna hadithi ndefu ya jinsi dunia ilivyoumbwa. Hakuna mchezaji aliyeisoma. Mwenye mhusika kuhani alimchagua mungu wa vita kwa sababu ya nguvu anazopewa tu. Anamtumia kama wakala wa pesa, kila siku kutoa, kuweka hajawahi. Nikimuuliza mungu wako anataka nini, anabaki kunitazama.

La pili: mchezaji mwingine ameshika dini sana na hajisikii vizuri kutamka mezani "namwomba mungu fulani," hata kwa kuigiza. Hataki kuacha mchezo, na mimi sitaki aondoke.

Nifute nianze upya? Naomba kuwasilisha.

Kobe Mzee

Miungu kumi na miwili na wachezaji hawazidi watano? Hilo ni baraza zima la mawaziri.

Bi Shamba

Nahodha, umeanza na vyeo. Mungu wa hiki, mungu wa kile. Ni kawaida, kwa sababu kanuni za D&D zinamtaka kuhani achague eneo la nguvu: vita, uhai, nuru, tufani. Matokeo yake mungu anakuwa menyu.

Angalia mchezo wa RuneQuest, uliotoka 1978, miaka minne tu baada ya D&D yenyewe. Kule si makuhani peke yao wenye mungu. Karibu kila mhusika ana dhehebu, na dhehebu lina madai: toa sehemu ya mapato yako, toa muda wako, huyu ni adui yetu, hiki hatufanyi. Uchawi unaupata kwa sababu umetimiza hayo. Mchezaji hahitaji kusoma hadithi ya uumbaji, anaijua dini yake kwa kudaiwa nayo.

Kwa hiyo kwa kila mungu jibu maswali haya tu: watu wanampelekea nini, wanakatazwa nini, na wakivunja mwiko kinatokea nini wiki hiyohiyo. Ukishindwa kuyajibu kwa mungu fulani, mfute. Nadhani utabaki na wanne.

Mjukuu wa Ssese

Niko Kampala, Kiswahili changu mnivumilie.

Anachosema Bi Shamba kuhusu mwiko, kwetu Buganda kuna mfano wake: Kibuka, lubaale (mungu wa jadi) wa vita. Masimulizi yanasema Kabaka Nakibinge, mfalme wetu, alipozidiwa na Banyoro aliomba msaada kwa Mukasa, mkubwa wa ziwa, ambaye hekalu lake liko kisiwa cha Bubembe. Mukasa akamtuma ndugu yake Kibuka, akamwonya: adui wasijue mahali ulipo, na usiwe na uhusiano na wanawake wao.

Kibuka alipigana akiwa ndani ya wingu. Analisogeza juu ya jeshi la adui, anashusha mishale, huku chini hawamwoni wa kumjibu. Baadaye akampenda mateka wa Kinyoro, akamwambia siri. Yule mwanamke akatoroka. Siku iliyofuata wapiga upinde wa Bunyoro hawakuhangaika na jeshi la Baganda, walilenga wingu. Akaangukia juu ya mti mkubwa huko Mbaale, Mawokota, akafia hapo. Na bado watu waliendelea kumwendea kwa mambo ya vita. Masalia yake yalichukuliwa hadi Cambridge, yakarudishwa Uganda 1962.

Sasa tazama mchezo uliomo. Mungu ana mahali anapokaa vitani. Ana masharti ambayo hata yeye anaweza kuyavunja. Anakufa na ibada haifi. Na masalia yake yanaweza kuibwa! Mwambie kuhani wako mungu wake wa vita ana siri moja, na amemwambia mtu.

Ila ombi: hawa kwetu bado wana watu wao. Chukua mfumo, jina la Kibuka usilichukue ukamfanya jini la kuuawa kwa dadu.

Nahodha wa Dadu

Mjukuu, hiyo ya wapiga upinde kulenga wingu imenikaa kichwani. Jina sitaligusa.

Lakini nina swali. Kama kila kisiwa kina wake, nani anajua kwa kweli yupi ndiye mkubwa?

Karani wa Kale

Hakuna anayejua, na usimwambie mtu. Ukubwa wa mungu unafuata ukubwa wa mji wake. Amun alikuwa wa Thebes tu. Wafalme wa Thebes walipoitawala Misri yote, akaunganishwa na Ra wa jua, akawa Amun-Ra. Karne ya 14 KK akaja Farao Akhenaten na mungu wake Aten, jina la Amun likachongwa na kufutwa kutani. Akhenaten alipofariki upepo ukageuka, na mtoto aliyeitwa Tutankhaten akawa Tutankhamun. Mtu anabadilisha jina lake kwa sababu ya siasa ya hekalu! Weka ofisa wa namna hiyo bandarini kwako uone wachezaji watakavyomkamua.

Warumi nao walikuwa na desturi ninayoipenda kuliko zote: kabla ya kuvunja mji wa adui, wanamwalika mungu wa mji huo ahamie kwao. Walipouteka mji wa Veii, mwaka 396 KK kwa hesabu ya jadi, walimwomba Juno, mungu wa kike wa pale, aje Roma. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia kwamba askari mmoja, labda kwa utani, aliiuliza sanamu, "Unataka kwenda Roma?" na wenzake wakasema imeitikia kwa kichwa. Wakamjengea hekalu kilima cha Aventine.

Hicho ni kikao kizima cha mchezo. Wachezaji wanatumwa kumshawishi mungu ahame. Wanamwahidi nini?

Kobe Mzee

Yule kuhani wa vita akienda kushawishi tumekwisha.

Mama Kete

Mmelisahau la pili, na kwangu ndilo la kwanza.

Huyo ndugu asilazimishwe. Meza yangu ina Waislamu, Walokole na mmoja asiye na dini, na tulilimaliza hivi: hakuna anayeomba kwa nafsi ya kwanza. Unasema "mhusika wangu anapeleka sadaka," basi, maneno ya sala hayatamkwi. Pia wakubwa wa dunia yangu siwaiti miungu, nawaita Wenyeji. Aliyeumba kila kitu yupo mbali, hachezewi na hana takwimu kwenye karatasi. Wenyeji ni wenye mito, njia na milima, na mtu anapatana nao kama anavyopatana na jumbe wa mji.

Na muulize mwenyewe, faragha, kabla ya kikao. Usimuulize mbele ya wenzake.

Nahodha wa Dadu

Mama Kete, shikamoo na asante. Nimeongea naye, mpango wa Wenyeji ameukubali.

Nimefuta wanane. Huyu ni wa kwanza kuandikwa upya, mnikosoe:

Mwenye Mlango. Anakaa kwenye mlango wa mwamba, pale majahazi yanapopita kuingia bandarini. Anapelekewa tonge la kwanza la chakula cha mabaharia, linatupwa kulia kwa chombo. Mwiko: kupiga mluzi ukishaupita mwamba. Ukivunjwa, upepo unakata na chombo kinakaa hapohapo mpaka aliyepiga mluzi ashuke majini na kuogelea nchi kavu. Ukoo mmoja wa bandarini unakusanya ada kwa niaba yake. Mji wa jirani unadai ameshahamia kwao.

Bi Shamba

Huyu anaishi. Usimwongezee rangi wala mume.

Karani wa Kale

Swali moja. Huo ukoo wa ada, wanamwamini au wanakula tu? Amua kabla ya Jumamosi, maana wachezaji wataliuliza hilo kabla hawajapandisha tanga.